Rubani Anaposomwa Kila Safari

Ndege ya kutoka Nairobi ikishatua Kisumu, na abiria wa Kisii na Nyamira wakianza kutafuta magari ya kuwafikisha nyumbani, ndani ya chombo hubaki kumbukumbu ambayo wengi wao hawajawahi kuisikia. Kila jambo lililofanyika tangu injini zilipowashwa limeandikwa: mwendo, kimo, ulalo wa mabawa, nguvu za injini, wakati magurudumu yaliposhushwa, na ukali wa kishindo yalipogusa lami. Vipimo hivyo ni mamia, na kwa ndege kubwa mpya hupita elfu moja, vingine vikichukuliwa mara kadhaa katika sekunde moja. Kumbukumbu hiyo hupelekwa ofisini kwa kadi inayochomolewa au kwa mtandao usiotumia waya, kisha programu ya kompyuta huipitia yote ikitafuta mahali ambapo mipaka iliyowekwa ilivukwa. Je, ndege ilishuka kwa kasi mno ikiwa karibu na ardhi? Mabawa ya kupunguzia mwendo yalifunguliwa kwa kuchelewa? Magurudumu yaligusa lami mbali kuliko inavyotakiwa? Kazi hii huitwa ufuatiliaji wa data za ndege, na haisubiri ajali. Hufanywa kwa safari iliyokwenda salama, ambayo abiria wake wamekwisha kuisahau.

Watu wa Gusii, yaani eneo la Kisii na Nyamira, wana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii si rahisi kumkosa mfanyabiashara mwenye mtoto, ndugu au jirani aliyehamia Marekani, hasa jimbo la Minnesota, ambako Wakisii ni sehemu kubwa ya jamii ya Wakenya. Familia hizo hupanda ndege kwenda na kurudi, huagana viwanjani, na husafirisha hata maiti za wapendwa wao kwa ndege ili wazikwe nyumbani. Zinamkabidhi rubani maisha bila kumwona uso. Basi ni haki yao kuuliza: mtu anayejua kwamba kila anachokigusa kinaandikwa na kitasomwa, huamua vizuri zaidi au huamua kwa woga? Jibu langu ni kwamba mtambo wenyewe hauleti ujasiri wala hofu. Kinacholeta moja kati ya hayo mawili ni mkono unaoipokea data na kile unachoifanyia. Ikisomwa ili kufundisha, rubani hupata ujasiri wenye msingi, kwa sababu anajua anachokiweza na asichokiweza. Ikisomwa ili kuadhibu, hujifunza kujilinda yeye kwanza na ndege baadaye.

Mvutano huu una umri sawa na mtambo wenyewe. Mwaka 1952 shirika la Uingereza la BOAC lilianza kubeba abiria kwa ndege ya jeti aina ya Comet, na safari yake ya kwanza kwenda Johannesburg ilipitia Entebbe. Muda si mrefu ndege hizo zikaanza kuvunjika angani bila mtu kujua sababu. Huko Melbourne mwanasayansi wa Australia, David Warren, aliyeshiriki kuzichunguza ajali hizo, akapendekeza kifaa cha kuhifadhi sauti za marubani na vipimo vya ndege ili wafu waweze kutoa ushahidi. Marubani wa nchi yake walikuwa miongoni mwa waliolipinga wazo hilo, wakiliona kama jasusi aliyewekwa chumbani mwao. Hata hivyo kifaa hicho, kinachojulikana kama kisanduku cheusi, kilienea dunia nzima, na katika miaka ya 1960 mashirika ya Uingereza yakapiga hatua nyingine: badala ya kungoja mabaki ya ndege, yakaanza kuzisoma safari za kawaida. Leo ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, linataka kila mwendeshaji wa ndege za abiria zenye uzito wa zaidi ya kilo 27,000 wakati wa kupaa awe na mpango huo, na sharti hilo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kanuni hiyo hiyo inasema mpango huo usiwe wa kuadhibu, na mwenye data alindwe. Waliouandika wajibu waliuandika pamoja na kinga yake, wakijua kwamba kimoja hakisimami bila kingine.

Ili kuelewa ni ujasiri wa aina gani tunaouzungumzia, hakuna kisa kilicho karibu nasi kuliko ndege ya Kenya Airways, safari KQ507, iliyoanguka Douala nchini Kamerun usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007. Ilikuwa Boeing 737-800, na watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Ndege ilipaa baada ya kucheleweshwa na mvua ya radi, katika giza totoro, bila idhini ya waongozaji wa ndege. Tangu ilipoacha ardhi ilikuwa na tabia ndogo ya kuegemea kulia. Nahodha aliirekebisha kwa mkono, kisha akatamka neno la kuonyesha kwamba otopailoti, mtambo wa kuiendesha ndege bila mkono wa rubani, imewashwa. Haikuwa imewashwa. Rubani msaidizi hakuthibitisha, na nahodha hakutazama vipimo. Kwa takriban sekunde 55 hakuna aliyeiendesha ndege: nahodha aliamini inaongozwa na mtambo, na mtambo haukuwa kazini. Ikaendelea kulala upande wa kulia polepole, kiasi ambacho mwili wa binadamu hauhisi, hadi ilipofika nyuzi zipatazo 34 na tahadhari ikalia. Nahodha akashtuka, akashika usukani, na kwa kuchanganyikiwa akaipeleka huku na huko na kuizidishia ulalo. Ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko kilomita chache kutoka mwisho wa njia ya kurukia.

Ripoti ya mamlaka ya Kamerun, iliyotolewa mwaka 2010, haikuishia kwenye mitambo. Ilieleza kwamba nahodha alikuwa mtu wa kutawala chumba, na msaidizi wake, kijana wa miaka 23, alikuwa mpole na mkimya mbele yake. Ilionyesha pia kwamba kumbukumbu za mafunzo ya nahodha zilikuwa zimetaja udhaifu uleule kwa kurudia: ushirikiano hafifu na wenzake, kutofuata taratibu, na kutopitisha macho kwenye vipimo inavyopasa. Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Usiku ule mle chumbani hakukukosekana ujasiri. Ulikuwepo, tena mwingi, upande wa kiti cha kushoto, nao haukuwa na uhusiano na hali halisi ya ndege. Upande wa kulia ulikosekana ujasiri mdogo tu, wa kusema, "Kapteni, otopailoti haijashika." Mtu anayelalamika kwamba ufuatiliaji unawapunguzia marubani kujiamini anatakiwa kwanza aseme ni kujiamini kupi anakokulilia.

Hatuwezi kudai kwamba ufuatiliaji wa data ungeizuia ajali ile. Data huonyesha ndege ilifanya nini; haionyeshi rubani aliwaza nini, wala haiandiki ukimya wa msaidizi. Ndiyo maana mashirika makini huichanganya na mambo mengine: taarifa za hiari ambazo marubani huandika wenyewe, na waangalizi wanaokaa nyuma ya chumba kutazama jinsi watu wawili wanavyozungumza wakiwa kazini. Lakini kuna kazi moja ambayo data huifanya kuliko mwalimu yeyote, nayo ni kulinganisha anachokiamini rubani juu ya urukaji wake na jinsi anavyoruka kwa kweli. Binadamu hukumbuka kwamba alitua salama. Hakumbuki kwamba alipokuwa futi 500 juu ya ardhi mwendo ulikuwa bado umezidi na injini zilikuwa hazina nguvu.

Mfano wake mkubwa ni huu. Sheria ya mashirika mengi inasema kwamba ndege ikifika futi 1,000 juu ya uwanja lazima iwe imetulia: mwendo sahihi, mshuko usiozidi kiwango, magurudumu chini, mabawa yamekaa mkao wa kutua. Isipotulia, rubani anatakiwa kughairi, kuongeza nguvu, kupaa tena na kujipanga upya. Ukimuuliza rubani yeyote darasani atakwambia ndivyo afanyavyo. Data zilisema vingine. Taasisi ya Flight Safety Foundation ilipozichambua safari za mashirika mengi, ilikuta kwamba katika kila mia ya miteremko isiyotulia, ni karibu mitatu tu ndiyo iliyoghairiwa. Iliyobaki iliendelea hadi chini, kila nahodha akiamini atairekebisha, na kila aliyefanikiwa akipata sababu ya kujaribu tena siku nyingine. Hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu wazoefu ambao mafanikio yao wenyewe yaliwadanganya. Bila kumbukumbu za safari zilizokwisha salama, udanganyifu huo usingejulikana, maana safari iliyokwisha salama haichunguzwi na mtu.

Kutokana na ugunduzi wa namna hiyo, mashirika mengi yametangaza kwamba rubani aliyeghairi kutua hatadaiwa maelezo ya kujitetea. Uamuzi huu unagusa moja kwa moja sehemu zetu. Bonde la Ziwa Victoria lina mvua za radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na nyanda za juu za Kisii zinajulikana kwa radi zake. Rubani anayekaribia Kisumu jioni huku wingu limesimama mbele yake hana muda wa kupima heshima yake. Ana abiria wanaotaka kufika, ratiba iliyochelewa na mafuta yanayopungua. Akijua kwamba data itaonyesha alighairi kwa sababu nzuri, na kwamba ofisini watasema amefanya vyema, uamuzi huwa mwepesi. Hapo data imemwongezea ujasiri, tena ule hasa tunaoutaka: wa kukubali kwamba safari hii haijakaa sawa. Na abiria ana sehemu yake katika hili. Ndege inapoinuka ghafla wakati uwanja umeshaonekana dirishani, watu hupiga kelele na wengine humtukana rubani. Wangemshukuru.

Sasa tugeukie upande mwingine, kwa sababu malalamiko ya marubani hayakutoka hewani. Chukua jambo dogo la kishindo cha kutua. Programu hupima nguvu ya mgongano, na ikivuka mpaka huandika tukio. Ikiwa katika shirika fulani tukio hilo maana yake ni kuitwa ofisini, kuandikiwa barua au kukatwa malipo, rubani atatafuta njia ya kutua kwa ulaini. Njia iliyo karibu ni kuishikilia ndege hewani juu ya njia ya kurukia kwa sekunde mbili au tatu zaidi ili iguse taratibu. Sekunde hizo hula mamia ya mita za lami. Siku ambayo lami ni kavu na ndefu hakuna madhara, na kompyuta itafurahi. Siku ambayo imelowa na ni fupi, ndege itatoka mwishoni mwa njia. Kwenye lami yenye maji rubani anafundishwa kugusa kwa uthabiti ili magurudumu yashike na breki zifanye kazi. Kwa hiyo mfumo uliotengenezwa ili kuleta usalama unaweza kumsukuma mtu kuelekea hatari, bila yeye kuvunja sheria yoyote, kwa sababu tu ameanza kuirukia namba badala ya kuirukia hali iliyo mbele yake.

Vivyo hivyo kwa kuendesha kwa mkono. Otopailoti haivuki mipaka ovyo. Mkono wa binadamu huyumba. Rubani anayeogopa matukio atawasha mtambo mara tu baada ya kupaa na kuuzima muda mfupi kabla ya kugusa ardhi. Takwimu zake zitapendeza na mikono yake itapoteza kazi. Tarehe 6 Julai 2013, siku ya anga safi, Boeing 777 ya shirika la Asiana iliyokuwa na watu 307 iligonga ukuta wa ufuoni ilipokuwa ikitua San Francisco, na watu watatu wakafa. Mtambo wa ardhini unaoonyesha pembe ya kushukia ulikuwa umezimwa. Marubani walitakiwa kutua kwa macho, na waliacha mwendo ukaporomoka huku wakidhani mtambo wa nguvu za injini unaulinda. Wachunguzi wa Marekani hawakuulaumu ufuatiliaji wa data. Walichosema ni kwamba marubani walitegemea mitambo wasiyoielewa vya kutosha, na wakalishauri shirika liwaruhusu marubani wake kuruka kwa mkono mara nyingi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka huohuo mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imeyahimiza mashirika yote kufanya hivyo. Ushauri huo hauwezi kufuatwa mahali ambapo kila kuyumba kwa mkono kunahesabiwa kuwa kosa.

Wasafiri wa barabara ya Kisii kwenda Nairobi wanaijua hali hii kwa jina lingine. Kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutumika mwaka 2004, kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Kifaa kilikuwa kizuri na kusudi lilikuwa zuri. Lakini kwa dereva kilikuwa kitu cha polisi, hakikuwa chake, na haikuchukua muda kabla ya mafundi kujua jinsi ya kukichezea. Rubani hawezi kukata waya wa kinasa data, na hilo ni jema. Anachoweza kukata ni ushirikiano: ataacha kuandika taarifa za hiari, hataeleza kwa nini tukio lilitokea, na mwenye ofisi atabaki na namba zisizo na maelezo.

Na namba zisizo na maelezo hupotosha. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na wa Moi, Mombasa, uko karibu na bahari yenyewe. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo ndege ambayo kipimo chake cha mwendo kinasoma sawa na cha Mombasa huwa inakwenda kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 10. Ikifuata mteremko uleule wa nyuzi tatu, itashuka kwa kasi kubwa zaidi pia: pale ambapo Mombasa ingeshuka takriban futi 740 kwa dakika, Nairobi itapita 800. Mpaka wa kawaida ni futi 1,000 kwa dakika. Maana yake rubani anayetua Nairobi ana nafasi ndogo kabla ya kuandikiwa tukio, na upepo mdogo wa nyuma unatosha kuimaliza. Msomaji wa data asiyelijua hili atadhani marubani wa Nairobi ni wazembe kuliko wa pwani. Anayelijua atawaita, awaulize, na pengine atarekebisha mpango wa kushuka ili ndege zianze kupunguza mwendo mapema. Data ni ileile; kilichotofautiana ni mtu aliyeisoma.

Ndiyo maana katika mipango iliyofaulu huwa kuna mtu wa katikati, mara nyingi rubani anayeaminiwa na chama cha wenzake, ambaye peke yake anaruhusiwa kujua tukio fulani ni la nani. Programu ikionyesha jambo zito, yeye ndiye anayempigia simu mhusika na kumwuliza kilichotokea. Mkubwa wa shirika hupewa picha ya jumla bila jina: kwamba miteremko isiyotulia imeongezeka uwanja fulani, kwamba kutua kwa mbali kumezidi msimu wa mvua. Utaratibu huu unasimama juu ya mkataba kati ya shirika na chama cha marubani, na mkataba husimama juu ya kuaminiana. Hapo Kenya ina kazi ya kufanya. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao cha KALPA, waligoma kwa madai yaliyohusu mfuko wao wa akiba ya uzeeni. Maelfu ya abiria wakakwama, na ikabidi mahakama ya kazi iwaamuru kurejea. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba mgogoro wa mishahara na akiba hauishii kwenye meza ya mapatano. Watu waliotoka mahakamani wakishutumiana ndio haohao wanaotakiwa kesho yake kuaminiana juu ya data ya ndani kabisa ya kazi yao.

Kishawishi kingine ni pesa. Kumbukumbu ileile inayoonyesha usalama huonyesha pia mafuta: nani alibeba ya ziada, nani alichelewa kuzima injini moja akiwa ardhini. Shirika lenye hasara lina haki ya kutafuta akiba, na Kenya Airways imepitia miaka mingi ya hasara. Lakini ikiwa majina ya manahodha yatapangwa kwa orodha ya nani anatumia mafuta mengi, nahodha anayekwenda Kisumu siku ya mawingu atafikiria orodha hiyo anapoamua kama aongeze mafuta ya kumwezesha kuzunguka nusu saa au kurudi Nairobi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa. Kwa maoni yangu roho ya sheria hiyo inatosha kusema kwamba data iliyochukuliwa kwa jina la usalama isigeuzwe kuwa fimbo ya mhasibu.

Abiria anaweza kukasirika hapa. Kwa nini mtu anayebeba roho 150 alindwe akikosea, ilhali dereva, daktari na mwalimu hupelekwa mbele ya kamati? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kusema marubani ni watu maalumu. Kwanza, ulinzi huo haumfuniki aliyekusudia kuvunja sheria, aliyeruka akiwa amelewa au aliyepuuza usalama waziwazi. Hao hushughulikiwa, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ina uwezo wa kuwanyang'anya leseni. Pili, usiri si msamaha wa kutojifunza. Rubani ambaye data inaonyesha udhaifu uleule mara ya tatu hurudishwa kwenye mafunzo, na asipobadilika haruki. Kasoro iliyoonekana KQ507 ilikuwa hiyo hasa: udhaifu ulikuwa umeandikwa, na haukufuatwa hadi ukaisha. Tatu, na hili ndilo zito, adhabu hununua ukimya. Msaidizi anayemwona nahodha akipitiliza mipaka atasita kusema au kuandika ikiwa matokeo yake ni mwenzake kufukuzwa kazi. Anayedai adhabu kwa kila kosa anadhani anaongeza usalama, kumbe anajinyima habari ambayo ingemwokoa.

Kutoka upande wa pili, baadhi ya marubani wakongwe husema kwamba kuruka ni kazi ya hisia na uzoefu, na kwamba kizazi kinacholelewa na namba hakitajua kuamua pale namba zinapokosekana. Nauheshimu wasiwasi huo, na mfano wa Asiana unaupa nguvu. Hata hivyo uzoefu pekee una kasoro ambayo KQ507 imetuonyesha: hisia za mwili gizani husema uongo, na mtu aliyefanikiwa maelfu ya mara ndiye wa mwisho kuushuku. Tiba haipo katika kuzima kinasa data. Ipo katika kumpa rubani mwenyewe data yake. Nahodha anayeweza kukaa baada ya safari, akafungua kifaa chake na kuona kwamba amekuwa akigusa lami mita 200 mbali kuliko alivyodhani, hahitaji barua ya onyo. Atabadilika kwa sababu anaipenda kazi yake, na safari inayofuata ataamua akiwa na kumbukumbu sahihi.

Kilichobaki ni ndege ambazo sharti la ICAO haliziangalii. Kilo 27,000 ni mpaka unaozikamata Embraer 190 na Dash 8 Q400 zinazokwenda Kisumu, lakini unaziacha nje ndege nyingi zinazowahudumia watu wa kanda yetu. ATR 42, aina ya ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19 kati ya 43, hupaa na uzito usiozidi kilo 18,600. Cessna Caravan, kama ile iliyotoka Kitale na kugonga milima ya Aberdare tarehe 5 Juni 2018 na kuua wote 10, haifikii hata kilo 5,000, na kanuni za kimataifa haziilazimishi kubeba kisanduku cheusi, sembuse kusomwa kila safari. Viwanja vidogo kama Suneka, hapo Kisii, ni vya ndege za ukubwa huo. Hoja ya gharama ilikuwa na uzito zamani. Leo kuna vinasa vyepesi vinavyoweza kufungwa kwenye ndege ndogo. Kanuni zinazofaa ndizo ngumu kidogo kuandika, kwa sababu kampuni yenye marubani wanane haiwezi kuficha jina la mtu. Kwa kampuni kama hizo, data inaweza kukusanywa na kusomwa mahali pamoja, nje ya mikono ya mwajiri, kisha matokeo yakarudishwa kwa kila kampuni kama mafunzo.

KCAA na Wizara ya Uchukuzi zinaweza kuanza hapo: kuushusha mpaka wa uzito ndani ya Kenya bila kungoja ICAO, na kuweka katika sheria, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba data ya ufuatiliaji haitatumika kumwadhibu rubani aliyekosea bila kukusudia, wala kumpima kwa mafuta. Mambo hayo mawili yapitishwe pamoja. La kwanza likipitishwa peke yake, tutakuwa na mashine nyingi zaidi na marubani wenye hofu zaidi, na familia za Kisii na Nyamira zitakuwa zinapanda ndege zilezile.